Siti za leza zilizochanika: nilivyobadilisha mwenyewe, na nilichokikuta chini yake

Kama una gari ya mtumba kutoka Japani yenye siti za leza (ngozi, au ile ya bandia inayofanana nayo) na unaishi Dar, siti ya dereva itachanika, swali ni lini tu. Yangu ni Toyota Harrier, ile ya kizazi cha pili iliyoanza kutoka 2003, na ilianzia palepale zinapoanziaga nyingi, ule ukingo wa kulia wa siti ya dereva ambao ukiingia unauburuza na ukishuka unauburuza tena. Kwanza ikapauka, alafu zikaja nyufa nyembamba, alafu sponji ikaanza kutoka unga unga na kubaki kwenye suruali. Siti ya abiria yeye alikuwa amevalishwa kava ya dukani na mmiliki wa kabla yangu, kava nene nyeusi imekazwa kweli kweli, nikawa najua tu chini kuna uchakavu lakini sijawahi kufunua.

Nimeandika hii kwa ajili ya yule anayefikiria kufanya mwenyewe au hata anayetaka kumpelekea fundi, maana nusu ya haya ni mambo ya kumuuliza fundi kabla hujamwachia gari.

Nilianza kwa kutafuta fundi kama kila mtu. Bei nilizotajiwa kwa siti zote zilikuwa kuanzia laki nne na nusu kwa leza ya kawaida, ile ya bandia, na ukitaka ngozi yenyewe unavuka milioni bila kugeuka nyuma. Bei sio ndo iliyonitoa pale. Kilichonitoa ni kwamba niliowauliza wengi walikuwa na mpango mmoja, tunavalisha juu kwa juu. Yani ngozi ya zamani inabaki, sponji iliyooza inabaki, mpya inapigwa juu inashonewa chini biashara imeisha. Nikamuuliza mmoja, sasa kaka eabegi ya pembeni ya siti, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigongwa, itatokea wapi? Akaniambia bosi hizo saa hizi hazifanyagi kazi, gari za zamani hizi. Nikaondoka. Gari hiyo mke wangu ndo anampelekea mtoto shule, siwezi kukubali jibu la namna hiyo.

Sasa hapa naomba niwe mrefu kidogo maana ndo kiini cha habari yote. Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yana eabegi ndani ya mgongo wa siti ya mbele, upande wa mlango. Utajua kwa kale kalebo kadogo kameshonewa ubavuni kameandikwa SRS AIRBAG. Ile eabegi inatoka kwa kupasua mshono wa ubavu wa siti. Ule mshono wa kiwandani ni wa makusudi, uzi wake na namna ulivyoshonwa vimepangwa uachie pale pale kwenye hiyo sehemu, sio juu sio chini. Na eabegi ya pembeni inatakiwa kufunguka haraka kuliko hata ya usukani, kwa sababu kati ya mwili wako na mlango hakuna nafasi, gari ikigongwa ubavuni hakuna muda. Ukija wewe ukapitisha uzi mnene wa nailoni pale, au ukavalisha kava nzito isiyo na uwazi, umeifungia. Inaweza kuchelewa, inaweza kutokea upande usiotakiwa.

Kwa hiyo nikaamua, nafungua mwenyewe nione kilichopo, na kitu pekee nitakachomwachia mtu ni cherehani.

Kabla hujagusa bolti yoyote, soma hii. Kama siti yako ni ya umeme, usikimbilie kutoa betri kwanza. Bolti za siti ziko nne, mbili mbele mbili nyuma, na za nyuma huzifikii mpaka usogeze siti mbele, za mbele huzifikii mpaka uirudishe nyuma. Ukitoa betri siti ikiwa imeganda katikati unaanza kurudisha betri tena. Kwa hiyo: sogeza mbele, toa vifuniko vya plastiki vya reli, legeza bolti za nyuma (zangu ni spana namba 14, tumia boksi spana yenye mkono mrefu maana zimekazwa), rudisha nyuma legeza za mbele, alafu weka siti katikati, chomoa vichwa vya siti, ndo uzime gari utoe funguo na utoe hasi ya betri. Hasi, sio chanya. Alafu subiri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe, mimi niliacha nikaenda kunywa chai maana sikuona sababu ya kushindana na sekunde.

Baada ya hapo inamisha siti kidogo kwa nyuma, chini utakuta soketi. Ya njano ndo ya eabegi. Ina kufuli yake, usiivute kwa waya. Na ukishachomoa, mpaka siku unarudisha siti usiwashe switchi ya gari hata kusikiliza redio, maana kompyuta ya eabegi itaona kuna kitu kimekosekana, itawasha taa kwenye dashibodi na taa hiyo inaweza isizime yenyewe hata ukirudisha kila kitu, itabidi ukapime gari kwa kompyuta wakufutie. Pia usije ukachukua mita ukaanza kupima zile waya za eabegi kuona kama ina umeme. Mita yenyewe inapitisha umeme kidogo na ile kitu inaweza kulipuka mkononi.

Kutoa siti nje tafuta mtu wa pili. Siti ya umeme ni nzito kweli na reli zake kwa chini zina makali, zinachuna plastiki za mlangoni na miguu yako pia. Mdogo wangu alikuja tukatandika blanketi pale mlangoni, tukaipitisha taratibu.

Tukaanza na ya abiria. Kava ya dukani tulivyoikata kuitoa, nikaona chini yake kuna kazi nyingine ya zamani zaidi. Mtu alishawahi kushona upya ubavu wa mgongo, mshono wa mkono, uzi mweusi mnene wa viatu umepita mara mbili juu ya sehemu ile ile ya eabegi, na lebo ya SRS imekunjiwa ndani. Yani ilikuwa imefungwa mara mbili, uzi na kava juu. Nilikaa chini kwenye sakafu pale. Miaka yote hiyo mke wangu kakaa hapo na mtoto kampakata, safari za Morogoro, safari za Tanga, mimi naendesha nina amani kabisa. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani, aliyeshona simjui na pengine hata yeye hakuna aliyewahi kumwambia.

Nikafumua ule uzi pale pale kabla ya kitu kingine.

Kuvua ngozi ya zamani sio kazi ya nguvu. Imeshikiliwa na vitu viwili. Kwenye kingo za chini kuna plastiki ndefu zilizopinda zinazonasa kwenye fremu, hizo unazisukuma kwa ndani zinaachia. Alafu kwenye ile mifereji ya katikati, pale siti inapozama, ngozi imeshonewa pindo lenye waya ndani yake, na huo waya umefungwa na vipete vya chuma kwenye waya mwingine uliozama ndani ya sponji. Vile vipete unavikata na plaizi ya kukatia. Ukivivuta kwa hasira unang'oa waya wa ndani ya sponji na hapo sponji imeharibika, mfereji wako hautakaa vizuri tena maisha. Zile bomba za plastiki za kichwa cha siti unazibana kwa chini kutokea ndani ya mgongo ndo zinapanda juu. Piga picha kila hatua, piga na ya kila pete ilikokaa, waya zipite wapi, nini kilikuwa juu ya nini. Picha zangu zilijaa simu na nilizitumia zote.

Kwenye siti ya abiria angalia pia kama kuna kitu chembamba kama karatasi ya plastiki kati ya sponji na ngozi kina waya. Hiyo ndo sensa inayojua kama kuna mtu amekaa, ile inayokupigia kelele ya mkanda. Isikunjwe, isitobolewe, isipakwe gundi.

Sponji. Wengi wanaruka hapa na ndo sababu siti mpya baada ya miezi inaonekana imelegea, ngozi inajikunja wanailaumu leza. Ule ukingo wa siti ya dereva sponji yake ilikuwa imeliwa kipande cha kutosha. Nilikata sehemu mbovu mpaka nikafika palipo hai, nikaweka ile sponji ngumu ya vipande vya rangi rangi vilivyogandamizwa, nikaichonga kwa kisu kirefu chenye meno, nikabandika na gundi ya njano ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, acha ikauke mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo uunganishe. Juu yake nikatandika sponji nyembamba laini ili kiungo kisionekane. Mafungu mawili ya sponji na gundi hayakufika elfu arobaini, na nakwambia ukikaa unasikia tofauti kuliko hata ngozi yenyewe.

Sasa kuhusu nyenzo, maana Kariakoo utaambiwa kila kitu ni ngozi orijino. Geuza nyuma. Ngozi ya mnyama nyuma ina nyuzi nyuzi zake za manyoya laini, leza ya kiwandani nyuma ina kitambaa. Kwenye leza zenyewe kuna za aina mbili kubwa, PVC ambayo ni nzito kidogo na ikizeeka inakakamaa na kupasuka, na PU ambayo inakuja laini inavutia sana mkononi lakini ile ya bei rahisi inabanduka magamba, maana unyevu na joto vinakula ule utando wa juu, na sisi wa pwani unyevu na joto ndo maisha yetu. Na ujue pia hata siti za kiwandani zinazoitwa za ngozi mara nyingi ngozi yenyewe iko pale unapokalia na kuegemea tu, mbavuni na nyuma ni leza. Zangu zilikuwa hivo hivo. Ngozi ya ng'ombe wetu niliiulizia, nyingi niliyoonyeshwa ilikuwa na makovu ya chapa na kupe, kupata kipande kikubwa kisafi cha mgongo mzima wa siti unakata na kutupa nyingi. Mwisho nilichukua leza nzito ya magari, elfu thelathini kwa mita, mita tano zikatosha siti mbili za mbele na vichwa vyake. Nikaipima kwa kuikunja na kuivuta, inatakiwa ivutike kidogo pande zote mbili na irudi.

Zile ngozi za zamani usizitupe, ndo pateni yako. Nilifumua kipande kimoja kimoja kwa wembe, nikaandika kila kipande kwa kalamu nyuma yake, mbele wapi juu wapi kinakutana na kipi, na kwenye kila mshono nikapiga alama ndogo kila baada ya nafasi flani ili vikishonwa tena zikutane. Fumua siti moja kwa wakati, nyingine iache nzima ya kuangalizia. Kumbuka ngozi ya zamani imevutika kwa miaka, hasa ya makalio, ukikata sawa sawa nayo kava itakuwa kubwa, kwa hiyo pale palipovutika linganisha na kipande cha upande wa pili ambacho hakichoki sana.

Na ubavu wenye eabegi sikuukata mpya. Huu ni uamuzi ninaousimamia. Ile leza ya ubavuni ya kiwandani ilikuwa bado nzima, haikaliwi wala haisuguliwi sana, nikaisafisha nikaiacha na mshono wake wa kiwandani bila kuufumua hata tundu moja, kazi mpya ikaungana nayo mbali na pale. Siti ya abiria ambayo mshono ulishaharibiwa na yule mtu sikuirekebisha kwa kukisia, nilitafuta mgongo wa siti wa mtumba wa Harrier kama hiyo huko Ilala kwenye maduka ya spea, rangi ilikuwa tofauti na ngozi imechoka lakini ubavu wake ulikuwa haujawahi kuguswa. Nilichukua kava lake tu kwa elfu sitini, nikatumia ule ubavu. Rangi haifanani asilimia mia na ukiangalia vizuri utaona. Sijali kabisa.

Kushona nilimpelekea mzee mmoja anayeshona mabegi, cherehani ya nyumbani haiwezi tabaka nne za leza, itakuvunjia sindano na mshono utaruka ruka. Nilimsalimia, nikamwambia mzee wangu hapa hapa na hapa usipitishe uzi kabisa, nikamweleza kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho alafu akachukua chaki akazungushia mwenyewe hizo sehemu zote. Akaniambia kijana, mimi nimeshonea watu siti nyingi nyuma huko, hili hakuna aliyenieleza. Akashona kwa uzi wa poliesta, sio pamba, pamba inaoza kwa jasho na jua. Alinitoza elfu themanini na alifanya kazi ya heshima.

Kuvalisha ndo panataka roho ya utulivu. Anika kava juani kwanza, jua letu la mchana linatosha, leza inalainika inakubali kuvutika. Kama hakuna jua tumia draya ya nywele kwa mbali, usiisogeze karibu ikatengeneza alama ya kung'aa. Sponji ivishe nailoni nyepesi, zile za kufungia nguo za dobi, kava itateleza badala ya kung'ang'ania, ila usiweke nailoni upande wa eabegi wala juu ya sensa. Anza kufunga pete za mfereji wa katikati, toka katikati kwenda pembeni, na usihamie kingo za chini mpaka mifereji yote imekaa. Ukianza na kingo katikati itabaki inaelea.

Pete zenyewe na plaizi yake niliagiza mtandaoni kutoka China, zilichukua muda, ziagize kabla hujavua siti. Wengine wanatumia waya wa kujengea, mimi siushauri, ncha zake zitatoboa ngozi kutokea ndani na siku moja zitakutoboa wewe. Zile tai za plastiki zinafanya kazi, kata mkia uishe kabisa na kichwa chake kielekee chini, la sivyo utakisikia ukikaa.

Mikunjo midogo itabaki, hasa kwenye kona. Usiikaze mpaka mshono ulie. Mingi inaisha yenyewe ukikalia kwa wiki kadhaa na joto la ndani ya gari.

Kurudisha siti: hakikisha reli zote mbili zimekaa sawa, moja isiwe mbele ya mwenzake, maana siti inaweza kufunga upande mmoja tu na usijue. Bolti zote nne anza kwa mkono mpaka zishike, ndo ukaze, na ukaze kweli maana kufuli la mkanda mara nyingi liko kwenye siti yenyewe, siti ikiachia mkanda hauna maana. Rudisha soketi zote, ya njano usikie inabofya, ndo betri iwe ya mwisho. Washa switchi angalia taa ya eabegi, inatakiwa iwake sekunde chache izime. Yangu ilizima, na nilishusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeishikilia toka siku ile ya kukuta ule uzi. Ikibaki inawaka usiizoee wala usitoe taa yake, kapime. Kioo cha dereva kinaweza kugoma kupanda chenyewe baada ya betri kutolewa, kwenye Toyota nyingi unakipandisha kwa swichi yake na kuendelea kuishikilia juu sekunde kadhaa kinakumbuka.

Jumla yote siti mbili za mbele, leza, sponji, gundi, uzi, pete na plaizi, fundi na lile kava la Ilala, ilikaribia laki nne. Kwa hiyo kama unatafuta kuokoa hela tu, kwa siti mbili hujaokoa kitu, fundi wa juu kwa juu ni rahisi zaidi. Na muda unaenda, gari ilikaa bila siti wikiendi baada ya wikiendi na nyumbani tulipanda daladala na bodaboda.

Siku hizi naifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo alafu kikavu, basi. Vijana wa kuosha magari nimewaambia wasipulizie ile dawa ya kung'arisha dashibodi kwenye siti, inateleza na inavuta vumbi, na vumbi ukilikalia linasugua leza kama msasa. Kioo cha mbele naweka kizuia jua hata nikisimama saa moja.

Kama una kava ya dukani saa hizi kwenye siti za mbele, nenda kapapase ubavu wa mgongo upande wa mlango, juu ya kava na chini yake, utafute ile lebo. Ukiikuta imefunikwa, toa kava hiyo hata kama chini yake siti ni mbovu. Siti mbovu inaweza kusubiri mshahara ujao.